Protekta za faragha kwenye simu: sitara kwa jirani, kiza kwa mwenye simu

  

Ndugu msomaji, safu hii imezoea kuzungumzia maji ya kunywa, malaria, vyoo na chanjo za watoto. Leo naomba uniruhusu niingie kwenye jambo ambalo huenda ukasema si la tabibu bali ni la fundi simu. Nakusudia zile protekta za giza zinazobandikwa juu ya kioo cha simu ili mtu aliyekaa pembeni asione unachosoma. Vijana wanaziita "praivasi". Ukipita Kariakoo utaambiwa kuwa ni jambo la lazima kwa kila mtu mwenye heshima zake, na kijana wa kibandani atakubandikia kabla hujamaliza kuuliza bei. Mimi nasema si la lazima kwa kila mtu, na kwa baadhi ya watu ni jambo la hatari. Nitaeleza sababu.

Bi mkubwa mmoja alifika zahanati akiwa amembeba mjukuu wake wa miezi minne. Mtoto alikuwa na homa tangu jana yake. Mama yake alikuwa ameshampeleka kituoni, akapimwa malaria, hakukutwa nayo, akaandikiwa dawa ya maji ya paracetamol. Asubuhi mama akaenda kazini, na karatasi ya dawa akaipiga picha akamtumia bibi kwenye simu. Bibi hakuja kwangu kwa ajili ya homa, maana homa yenyewe ilikuwa imeanza kushuka. Alikuja kuomba chupa nyingine.

"Mwanangu daktari," akaniambia, "chupa yenyewe ndogo hii, na karatasi inasema nimpe ishirini na tano, mara tatu. Si itaisha leo leo?"

Nikamuuliza haraka kama ameshampa. Akasema bado, ameona aulize kwanza. Alhamdulillah. Karatasi ilisema 2.5, yaani mililita mbili na nusu. Dawa ile huwa na miligramu 120 katika kila mililita 5, kwa hiyo mililita mbili na nusu ni miligramu 60, kipimo sahihi kwa mtoto wa kilo 6. Mililita 25 ni miligramu 600. Ukimpa mtoto wa kilo 6 kiasi hicho mara tatu kwa siku, unaliharibu ini lake, na ini la mtoto likiharibika halitoi kelele siku ya kwanza wala ya pili.

Nikamwomba anioneshe hiyo picha. Simu ilikuwa nzuri tu, alipewa na mjukuu wake mkubwa aliponunua nyingine. Nilikuwa nimesimama mlangoni penye jua, na wallahi kwanza sikuona kitu isipokuwa sura yangu. Nikaingia ndani, nikaielekeza simu sawasawa na uso wangu, nikaona mwandiko, lakini ile nukta kati ya mbili na tano sikuiona mpaka nilipoongeza mwangaza hadi mwisho na kuikuza picha kwa vidole viwili. Bibi akasema hashangai, kwa sababu miezi kadhaa sasa macho yamemwisha. Anajua ni mtoto wa jicho, na ameshaanza kuweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya upasuaji. Nikampa kijitabu cha kliniki cha mtoto, maandishi madogo ya kalamu. Akavaa miwani yake akasoma mstari kwa mstari. Nikambandikia ukutani lile chati letu la herufi, akasoma vizuri kwa umri wake. Macho yake hayakuwa yamemwisha. Kilichokuwa kimemwisha ni mwanga wa simu, uliokuwa ukizuiwa na protekta aliyoiweka mjukuu wake, mwenyewe bibi wala hajui kuwa ipo.

Sasa tuelezane protekta hii inavyofanya kazi, kwa kuwa wengi wanaoinunua hawaelezwi.

Kila mmoja wetu anayajua madirisha ya luva. Vile vibao ukivigeuza ukavielekeza sawasawa na jicho lako, unaona nje kupitia nafasi zilizo baina yake. Ukisogea upande, kibao kimoja kinafunika nafasi ya kibao kingine, na unaona vibao vitupu. Ndani ya protekta ya faragha kumepangwa vibao vyembamba mno vyeusi, vingi visivyohesabika, ambavyo jicho tupu halivioni. Vimesimama wima kutoka juu ya simu hadi chini. Anayeitazama simu kutoka mbele anapitisha macho baina ya vibao. Anayetazama kutoka pembeni, akishapita nyuzi 30 hivi kutoka katikati, anakutana na weusi. Kampuni ya Marekani ya 3M ndiyo iliyotangulia kujulikana kwa utando wa namna hii, ukatumika kwenye vioo vya mashine na kompyuta za ofisini miaka mingi kabla haujafika kwenye simu za mkononi.

Tatizo ni hili: vibao vile vina unene wake, na plastiki iliyovibeba nayo ina unene wake. Hata wewe uliye mbele kabisa hupati mwanga wote. Kwa protekta nzuri, kiasi cha robo mpaka theluthi ya mwanga wa simu hubaki njiani. Za bei ya chini huchukua zaidi. Na kuna zile zinazouzwa kwa jina la "360", ambazo zinaficha pande nne. Hizo zina vibao vilivyosimama na vilivyolala, kwa hiyo mwanga unapita kwenye matundu badala ya mifereji, na kiza kinaongezeka.

Mtu wa miaka ishirini hatakuelewa ukimwambia haya. Macho yake ni mapya, anaongeza mwangaza kidogo na maisha yanaendelea. Lakini jicho la binadamu linabadilika. Mboni ya mzee haifunguki kama ya kijana, na lenzi iliyo ndani ya jicho inapata rangi ya manjano na kupunguza uangavu wake. Wataalamu wa macho wamepima na kukuta kuwa mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni kama theluthi moja tu ya unaofika kwa kijana wa miaka 20. Sasa chukua huyo mwenye theluthi, kisha umpunguzie tena theluthi ya hiyo theluthi kwa protekta. Ongeza kwamba tangu miaka arobaini na kitu uoni wa karibu ulikwishapungua. Ongeza kisukari, ambacho kimejaa majumbani mwetu na kinashambulia macho. Utaelewa kwa nini bi mkubwa yule alianza kuweka akiba ya upasuaji.

Si mwanga peke yake unaopungua. Rangi nyeupe inageuka kijivu. Tofauti baina ya weusi wa maandishi na weupe wa ukurasa inapungua, na tofauti hiyo humsaidia sana msomaji. Vibao vya protekta vikikutana na vinukta vya mwanga vya kioo cha simu, hutokea mistari kama mawimbi au rangi za upinde wa mvua, hasa kwenye mistari myembamba. Zile protekta ambazo uso wake ni wa kukwaruza, zinazosifiwa kuwa hazishiki alama za vidole, zinatawanya mwanga na kuzifanya kingo za herufi zionekane kama zimelowa. Pia simu nyingi zina kijicho kidogo sehemu ya juu kinachopima mwanga wa mahali ulipo ili simu ijirekebishe yenyewe. Protekta ikikifunika, simu inadhani uko gizani na inapunguza mwangaza wakati wewe umesimama juani. Mtu anaongeza kwa mkono, betri inaisha saa nane mchana, simu inapata joto, na anamlaumu aliyemuuzia simu.

Hapa niseme neno moja ili nisieleweke vibaya. Protekta hii haipofushi. Kuna maneno yanazunguka mitaani kwamba kioo cha kiza kinaoza macho, na mengine kwamba kioo chenye mwanga mwingi ndicho kinachopofusha. Yote mawili hayana msingi. Kinachotokea ni uchovu. Mtu anafinya macho, anaisogeza simu karibu, anainamisha shingo ili awe sawasawa na kioo, na anasahau kupepesa. Kwa kawaida tunapepesa mara 15 hivi kwa dakika, na mbele ya simu idadi hiyo hushuka hadi nusu au chini ya hapo. Macho yanakauka, yanachoma, kichwa kinauma kwenye paji, shingo inakaza. Wagonjwa wa aina hii nawaona kila wiki na wengi wanataka dawa ya presha. Sasa nimejifunza kuwaomba wanioneshe simu zao pia.

Tuingie kwenye jambo ambalo limenifanya niandike makala hii kama mwanafunzi wa madrasa kabla ya kuwa tabibu. Wengi wetu sasa tunasoma Qur'an kwenye simu. Sikatai, ni neema. Ukiwa kwenye foleni ya mwendokasi au zamu ya usiku, Mus-haf wote uko mfukoni. Lakini angalia maandishi yetu yalivyo. Ba, ta na tha zina umbo moja, kinachozitofautisha ni nukta. Jim, ha na kha vilevile. Sin na shin, sad na dhad, ra na zay, zote ni nukta. Juu ya hapo kuna irabu: kijistari kikiwa juu ni fat-ha, kikiwa chini ni kasra. Ustadhi wetu alikuwa na ufito wa mjohoro, na alitufundisha kwamba kosa la kubadilisha herufi au irabu hadi maana igeuke ni lahn jaliy, kosa la wazi, si la kupuuzwa. Hakuwahi kufikiria kwamba siku moja tutazifunika nukta hizo kwa mikono yetu wenyewe na kulipia huduma hiyo.

Mwezi wa Ramadhani nimeona kwa macho yangu, katika msikiti wenye taa hafifu, mzee amefungua juzuu kwenye simu yenye protekta ya giza. Anaigeuza huku, anaigeuza kule, anainyanyua mpaka karibu na pua. Akipotea kidogo tu upande, aya imetoweka. Nilitamani kumuuliza: baba, nani huyo unayemficha Qur'an? Kwa aliyehifadhi, labda jicho linapita tu na ulimi unajua njia. Kwa mtoto anayejifunza kuunganisha herufi, au mwanamke aliyeanza kusoma ukubwani kwenye darsa la kina mama, na hawa ni wengi, alhamdulillah, kioo cha giza ni mwalimu mbaya. Kama unasoma Qur'an au unamfundisha mtoto kwa simu, basi simu hiyo iwe na kioo cheupe. Na kama nyumbani mna Mus-haf wa karatasi, utumieni.

Sasa nitoe ushahidi dhidi ya nafsi yangu, maana nimesema mengi juu ya wengine. Mimi mwenyewe nilibandika protekta hii kwenye simu yangu ya kazini. Nia yangu ilikuwa njema. Wagonjwa wananitumia ujumbe na picha, na siri ya mgonjwa ni amana shingoni mwa tabibu. Sikupenda abiria wa jirani kwenye daladala asome kwamba fulani ana ugonjwa fulani. Jioni moja mama mmoja akanitumia picha ya kichanga chake cha siku tano, akiuliza kama macho ya mtoto yana umanjano. Nikatazama. Kwenye simu yangu weupe wa macho ulionekana wa kijivu kijivu tu. Nikamwandikia amlete kesho asubuhi. Kisha moyo haukutulia, nikamrushia picha muuguzi mwenzangu mwenye uzoefu na vichanga. Jibu lake lilikuja kabla sijaweka simu mezani: mlete sasa hivi. Kwenye simu yake, isiyo na protekta yoyote, manjano yalikuwa wazi. Mtoto alipelekwa hospitali usiku ule, akawekwa chini ya taa maalumu za bluu, akapona. Umanjano wa vichanga ukipanda sana unaweza kuharibu ubongo, na saa kumi na mbili za kusubiri si kitu kidogo.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, maana umanjano wa kichanga haupimwi kwa picha ya simu, hata kioo kiwe cheupe namna gani. Mama akihisi, mtoto aletwe. Lakini kosa la pili lilikuwa la kuamini kioo ambacho nilikuwa nimekitia kiza mwenyewe nikasahau. Usiku uleule niliibandua.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu zito. Ndugu yangu mmoja ameniambia: "Tabibu, wewe unawaambia watu waache sitara?" La hasha. Uislamu umelinda faragha ya mtu kabla hajazaliwa mtu aliyebuni simu. Katika Surat Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana. Katika Surat Nur, aya ya 27, tumeamrishwa tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe idhini, na aya ya 58 inawafundisha hata watoto wa ndani ya nyumba kuomba ruhusa katika nyakati tatu za mapumziko. Imepokewa na Bukhari kwamba mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume (SAW), naye Mtume akamkemea vikali na kumfahamisha kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho. Kwa hiyo anayekodolea macho simu ya jirani yake kwenye basi, huyo ndiye mwenye kosa, na mahubiri yaanzie kwake. Haijuzu tukazoea kwamba wachunguliaji ni kawaida, na aliyechunguliwa ndiye anunue giza.

Lakini pia wako watu ambao protekta hii inawafaa kweli, nami siwakatazi. Mama anayetumia dawa za VVU na kupokea ujumbe wa tarehe yake ya CTC, anaishi chumba kimoja na mawifi ambao hajawaambia. Wakala wa fedha wa mtandao anayefungua salio la wateja watu wakiwa wamejazana dirishani. Karani anayesoma mishahara ya wenzake. Hawa wana siri zenye uzito, wengine wana siri za watu. Kama macho yao ni mazima, na simu haitumiki kusomea vipimo vya dawa wala kutazama picha za wagonjwa, waweke. Wanafunzi wa fiqhi wanaijua kanuni kwamba dhara haliondolewi kwa dhara lililo mfano wake, sembuse kwa kubwa zaidi. Kila mtu apime dhara analolikimbia na lile analolikaribisha. Mzee wa miaka sabini ambaye kwenye simu yake hamna ila salamu za wajukuu, mawaidha na picha za karatasi za dawa, anakimbia nini?

Na huyo anayeiweka asidhani amejenga ukuta. Nilisema vibao vimesimama wima. Maana yake ni kwamba protekta ya kawaida inamzuia wa kulia na wa kushoto tu. Abiria aliyesimama kwenye daladala, akakuinamia juu ya bega wewe ukiwa umekaa, anasoma kila kitu pamoja nawe, na wakati mwingine anamaliza kabla yako. Ukiilaza simu ili utazame video, vibao navyo vinalala, na jirani wa pembeni anafaidi. Ukiongeza mwangaza hadi mwisho ili ushinde kile kiza, hata wa pembeni ataanza kuona ona. Namba yako ya siri ya pesa nayo hailindwi na protekta, kwa sababu mwizi hatazami kioo, anatazama kidole chako kinapokwenda. Zaidi ya hayo, kitu chochote kinachobandikwa juu ya kioo kinaweza kuvuruga kipima alama za vidole kilicho chini yake. Mwaka 2019 kampuni ya Samsung ilikiri kwamba baadhi ya simu zake, zikiwemo za Galaxy S10, zilikuwa zinafunguka kwa kidole cha mtu yeyote zikiwekwa aina fulani ya vifuniko vya silikoni, na ikatoa marekebisho. Yaani kilichonunuliwa kuwa kinga ndicho kilichoacha mlango wazi. Zile hazikuwa protekta za faragha, lakini somo linafanana: ukibandika kitu kipya, jaribu kidole cha mtu mwingine kabla hujalala.

Sitara nyingine zipo bila kupoteza mwanga. Ingia kwenye mipangilio ya simu, zuia maneno ya ujumbe yasijitokeze juu ya kioo kabla simu haijafunguliwa. Hili peke yake linamsaidia yule mama wa CTC kuliko protekta, kwa sababu siri nyingi huvuja simu ikiwa imelala mezani, mwenyewe yuko jikoni. Tangu mwaka 2023 WhatsApp imeweka kufuli kwa mazungumzo moja moja. Ujumbe mzito unaweza kusubiri mpaka ufike nyumbani. Kuhusu mume na mke waliofikia kuwekeana protekta ndani ya chumba kimoja, mimi si kadhi, na wala hilo si tatizo la kioo.

Ukiamua kununua, usikubali kubandikiwa ndani ya kibanda chenye taa kali na kuondoka. Mwambie fundi aiweke juu kwanza kabla ya kuibandua karatasi ya gundi, toka nayo juani, fungua ukurasa mweupe wenye maandishi madogo, soma. Kisha ingia kivulini usome tena mwangaza ukiwa nusu. Fungua Qur'an uone kama unazitofautisha fat-ha na kasra bila kuinamisha shingo. Kama hapana, mrudishie. Na ukimpa mzazi wako simu uliyoitumia, jambo ambalo ni la wema na Allah akulipe, ibandue protekta kwanza, uongeze ukubwa wa herufi, halafu ndipo umkabidhi. Mzee hatakwambia kuwa haoni. Atasema uzee umefika.

Neno la usafi nalo, maana ndiyo kazi ya safu hii. Kingo za protekta, hasa ikianza kunyanyuka, zinashika jasho, unga na mafuta ya usoni, na uchafu huo nao unapunguza mwanga uliobaki. Zima simu, ifute kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji ya sabuni, kisha ikaushe. Pamba au kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70 kinafaa. Kampuni ya Apple yenyewe iliruhusu hilo kwa simu zake mwaka 2020, wakati wa korona. Usimwagie dawa moja kwa moja, na usitumie jiki. Simu isiingie chooni. Protekta iliyojaa mikwaruzo itolewe, haina tena faida kwa yeyote.

Bi mkubwa yule nilimbandulia protekta palepale, kwa ruhusa yake. Akaitazama simu, akatazama nje, akaitazama tena. "Kumbe bado iko hivi," akasema. Akaniuliza kama ile akiba ya upasuaji aendelee kuiweka. Nikamwambia aiweke, lakini kwanza aende kliniki ya macho apimwe vizuri kama kila mtu wa umri wake anavyopaswa kila mwaka au miwili, na asiulize simu.

Sisi wa zahanati nasi tulijitazama. Sasa kipimo cha dawa ya maji ya mtoto hatukiandiki kwa tarakimu peke yake. Tunaandika kwa maneno, "mbili na nusu", na tunachora alama kwa kalamu kwenye bomba la kupimia, mahali dawa inapotakiwa kufika. Ikiwa ni nusu mililita tunaanza na sifuri, 0.5, hatuiachi nukta itangulie peke yake, na ikiwa ni tano tunaandika 5, hatuongezi nukta na sifuri mbele yake. Mama anayepewa karatasi isiyo hivyo, popote pale, airudishe dirishani aombe aandikiwe kwa maneno kabla hajaipiga picha na kuituma.